Laana ya mirathi kwa bajeti ndogo: House of Usher, The Haunted Palace au Dementia 13?

TaaMoja

Wakuu, habari za jioni. Mimi na wenzangu tunaandika filamu fupi ya kutisha kuhusu nyumba ya urithi: mzee kafariki, watoto wamekutana kugawana, na nyumba haikubali kugawanywa. Fedha ni kidogo, nyumba ni moja, waigizaji hawatazidi watano. Kabla ya kushika kamera nataka tukae pamoja tuichambue filamu moja ya zamani, tukio kwa tukio.

Nimebaki na tatu, na zote zina mkono wa Roger Corman, mwongozaji na mtayarishaji wa Marekani. House of Usher (1960) na The Haunted Palace (1963) aliziongoza mwenyewe. Dementia 13 (1963) aliigharamia akamkabidhi Francis Ford Coppola, ambaye wakati huo alikuwa kijana asiyejulikana. Zote zinahusu laana ya ukoo, na kwa viwango vya Marekani zote zilitengenezwa kwa hela ndogo. Mngeanza na ipi?

Seremala wa Seti

Usher. Ukitaka kujua pesa kidogo inavyogeuzwa jumba kubwa, hakuna darasa linaloizidi.

Kampuni ya American International Pictures ilikuwa na mazoea ya kutoa filamu mbili rahisi za nyeusi na nyeupe na kuzionyesha kwa tiketi moja. Corman akawashawishi wakubwa waziache hizo mbili, wampe nafasi atengeneze moja ya rangi, ya skrini pana, kwa siku 15. Bajeti ilikuwa kama dola 300,000. Sasa angalia alivyozitumia. Wenye mazungumzo ni wanne tu: Vincent Price, Mark Damon, Myrna Fahey, na Harry Ellerbe kama mtumishi. Daniel Haller alijenga jumba zima ndani ya studio kwa kuunganisha vipande vya seti vilivyokuwa vimeshatumika kwingine. Floyd Crosby, mpiga picha aliyekuwa na Oscar yake kwa filamu ya Tabu (1931), akaitembeza kamera kwenye korido zilezile mpaka unaamini nyumba haina mwisho.

Mwanzo wa filamu Damon anapita na farasi kwenye msitu uliokufa. Msitu ule haukujengwa na mtu. Moto ulikuwa umeteketeza vilima vya Hollywood, na Corman akakimbiza watu wake huko majivu yakiwa bado chini. Na nyumba inayoungua mwishoni ni ghala kuukuu la shambani lililokuwa livunjwe. Waliomba walichome wenyewe usiku, wakapiga picha, kisha vipande vile vya moto vikatumika tena katika filamu zake zilizofuata. TaaMoja, zunguka mtaani kwenu kwanza ujue ni nini kinakaribia kubomolewa. Halafu ndiyo uandike.

Mwandishi wa Usiku

Mkuu Seremala, kwenye ufundi sikupingi. Lakini aliyeuliza anaandika habari ya watoto wanaogawana, na ndani ya Usher hakuna anayegawana chochote. Roderick Usher, anayeigizwa na Price, anaamini damu yao imeoza, kwa hiyo anataka ukoo uishie kwake na kwa dada yake Madeline. Mchumba anayekuja kumchukua Madeline haitaki nyumba, anamtaka binti. Ni laana ya damu, haina mali ndani yake.

Dementia 13 inaanza na wosia. Mume na mke wako kwenye mashua usiku, wanabishana kuhusu urithi wa mama wa mume, Lady Haloran. Mke anaambiwa wazi kwamba mume akifa kabla ya mama, yeye hapati kitu. Mume anashikwa na moyo, anakufa palepale. Mkewe, Louise, hapigi yowe. Anautupa mwili majini, anaandika barua ya uongo kwamba mumewe kasafiri kikazi kwenda New York, kisha anakwenda mwenyewe kwenye ngome ya wakwe huko Ireland kama mkamwana mwema. Huko kila mwaka familia inafanya kumbukumbu ya Kathleen, binti mdogo aliyezama bwawani, na Louise anaona hapo ndipo pa kumshikia mama mkwe.

Dakika hizo chache za mwanzo ndizo filamu yenu inazozihitaji. Mtu mwenye sababu ya kubaki ndani ya nyumba ya laana! Filamu ngapi za kutisha zinakuudhi kwa sababu huoni kwa nini hawaondoki? Louise haondoki kwa sababu ana fungu la kupigania, na hilo mtazamaji yeyote aliyewahi kukaa kikao cha ukoo baada ya msiba analielewa bila kufafanuliwa.

Bi Mkubwa wa Sinema

Wanangu, The Haunted Palace mmeiruka upesi mno.

Pale mrithi anakuja akiwa hana hatia. Charles Dexter Ward na mkewe Anne wanafika Arkham kuchukua jumba la babu yake mkubwa, Joseph Curwen, mchawi aliyechomwa moto na wanakijiji zaidi ya miaka mia moja nyuma. Kabla ya kufa aliwalaani wao na vizazi vyao. Ukutani kuna picha yake, na Ward amefanana naye kama pacha. Basi kila akiitazama anapungua yeye, anaongezeka babu. Vincent Price anawaigiza wote wawili. Vipodozi vipo, ila kazi kubwa inafanywa na macho na sauti. Anaweza kubadilika katikati ya sentensi, na mkewe ndiye wa kwanza kugundua. Debra Paget anaicheza hofu hiyo vizuri sana, hofu ya mke anayelala na mtu asiyemjua.

Walioitangaza waliipa jina la shairi la Edgar Allan Poe, lakini kisa ni cha H. P. Lovecraft. Kwangu ndiyo inayosema kweli kubwa zaidi juu ya urithi: aliyekufa hajaacha mali, ameacha mtego wa kurudia.

TaaMoja

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la picha limenigusa, maana nyumba tunayotaka kutumia ina picha ya mzee sebuleni. Ila Haunted Palace ina kijiji kizima, mienge, umati. Sisi umati hatuna.

Bi Mkubwa wa Sinema

Marahaba mwanangu. Chukua picha, acha kijiji.

Seremala wa Seti

Na kwenye picha za ukutani Usher haijapitwa. Burt Schonberg alichora wahenga wa Usher kwa rangi kali, sura zimevurugika kabisa, na Price anasimama mbele yao akiwataja mmoja mmoja na maovu yake, mpaka nahodha aliyefanya biashara ya watumwa. Mchoraji mmoja na mwigizaji mmoja, na historia ya ukoo mzima imeshaingia. Hamhitaji kurudi nyuma kuigiza ya kale.

Korido ya Pili

Naongeza ya nne, msinifukuze: Operazione paura (1966) ya Mario Bava wa Italia. Inasimuliwa kwamba fedha ziliisha katikati ya kazi na watu wakaendelea bila malipo. Walipiga picha kwenye mji mkongwe wa Calcata, kwa hiyo mitaa ya mawe na matao waliikuta. Mzimu wenyewe ni mtoto wa kike mwenye mpira, aliyeigizwa na mvulana, na ugeni huo unauhisi kabla hujajua sababu. Mpira unadunda, mtoto anacheka, mtu anakufa. Gharama yake ni mpira tu!

Mwandishi wa Usiku

Nzuri sana, lakini Bava anategemea taa za rangi, kijani hapa, zambarau kule. Asiye na fundi wa taa mzoefu atatoa kitu kama ukumbi wa harusi. Dementia 13 ni nyeusi na nyeupe, na iligharimu takriban dola 40,000. Pembe za chumba zikiwa giza, uchakavu wote unafichika. Halafu Coppola alifanya jambo la ujasiri: Louise, tuliyedhani ndiye mwenye hadithi, anauawa kwa shoka katikati ya filamu. Kuanzia hapo huna mtu wa kumshikilia.

TaaMoja

Basi tutaanza na Dementia 13, kisha Usher kwa ajili ya seti na picha za wahenga. Nakala yoyote inafaa?

Korido ya Pili

Hapana. Huko Marekani haina tena mwenye hakimiliki, kwa hiyo mtandaoni imejaa nakala mbovu zisizoonyesha kitu gizani. Tafuta iliyosafishwa, Coppola alipoirudia mwenyewe. Ukiweza pata na ile ya zamani mzilinganishe. Corman hakuridhika na kazi ilivyoletwa, akataka mauaji zaidi, na Jack Hill akapiga picha za nyongeza, likiwemo tukio la mwindaji haramu anayekatwa kichwa. Coppola ameziondoa. Angalieni lile tukio kwenye nakala ya zamani kisha mjiulize kama ngome inatisha zaidi nalo au bila yake. Sisi tulibishana mpaka ukumbi ukafungwa, na mimi bado nipo upande wa Coppola.