Matangazo ya haki za mpiga kura kituoni: sheria ya Marekani inadai nini?

Mwanakivu

Ndugu zangu, naomba msaada wa wanaoijua sheria ya uchaguzi ya Marekani. Mama yangu, mzaliwa wa Bukavu aliyepata uraia wa hapa, alikwenda kumpigia kura rais, lakini jina lake halikuonekana kwenye daftari na karani akamwambia arudi nyumbani. Tangazo lilikuwepo, la Kiingereza, limebandikwa nyuma ya meza ya makarani mahali ambapo aliyesimama kwenye foleni hawezi kulisoma. Baadaye nilisoma kwamba mtu wa hali yake ana haki ya kupiga kura ya muda, yaani kura inayowekwa kando mpaka ithibitishwe kwamba anastahili. Je, matangazo haya yanalazimishwa na sheria, na je, yanatakiwa kuwepo kwa Kiswahili?

KaraniMstaafu

Pole sana, na umpe mama pole zetu. Matangazo ni ya lazima. Sheria ya mwaka 2002 iitwayo Help America Vote Act, iliyotungwa baada ya mgogoro wa uchaguzi wa rais wa mwaka 2000 huko Florida ambako George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, inaagiza katika kifungu cha 302 kwamba kila kituo kibandike hadharani mfano wa karatasi ya kura, tarehe na saa za kupiga kura, maelekezo ya namna ya kupiga kura, ikiwemo kura ya muda, maelekezo kwa waliojiandikisha kwa posta na wanaopiga kura kwa mara ya kwanza, haki za mpiga kura pamoja na namna ya kuwapata wahusika haki hizo zikivunjwa, na makatazo ya udanganyifu. Agizo hili ni la uchaguzi wa ngazi ya shirikisho; uchaguzi wa bodi ya shule peke yake hufuata sheria ya jimbo.

Kuhusu kura ya muda, mpiga kura hutia saini tamko kwamba amejiandikisha na anastahili, kisha kura yake huwekwa kando mpaka ithibitishwe, naye hupewa maandishi ya namna ya kufuatilia bila malipo kama imehesabiwa. Angalizo moja: majimbo mengi hayaihesabu ikiwa imepigwa katika kituo kisicho chako, kwa hiyo hakikisha kwanza kituo ndicho.

Lulu wa Maine

Kwa upande wa lugha, jibu linasikitisha. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1975, kinazilazimisha baadhi ya kaunti kutafsiri maelezo ya uchaguzi, lakini kinawataja wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska tu. Hata Waswahili wakijaa kaunti nzima, kifungu hicho hakitawagusa mpaka Bunge likibadilishe. Hata hivyo hakiikatazi kaunti kutafsiri kwa hiari yake, na hapo ndipo jumuiya zetu zinapopaswa kusukuma.

Tena kuna kifungu cha 208, cha mwaka 1982, ambacho wazee wetu wengi hawakijui: asiyeweza kusoma anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri, wala afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Wewe ungeweza kusimama pamoja na mama yako mbele ya karani na kumsomea tangazo lile.

Mwanakivu

Ahsanteni sana. Na tangazo lililofichwa nyuma ya meza, je, linahesabika kuwa limebandikwa?

KaraniMstaafu

Sheria inasema "hadharani" bila kutaja ukubwa wa herufi wala upande wa ukuta, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu anayelihitaji tangazo kuliko wote ni yule anayekaribia kufukuzwa. Kenya wanabandika fomu ya matokeo, 34A, mahali ambapo umma unaweza kuifikia. Sioni kwa nini haki za mpiga kura zisibandikwe mlangoni vivyo hivyo.

Kuhusu kilichompata mama, jimbo linalopokea fedha za sheria hiyo ya 2002 linatakiwa kuwa na utaratibu wa malalamiko. Andikeni lalamiko, mama alitie saini na kuliapia mbele ya mthibitishaji wa viapo (notary), na jimbo litapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 90, isipokuwa mama akubali muda zaidi. Elezeni mambo mawili kwa kutenganisha: kunyimwa kura ya muda, na mahali lilipobandikwa tangazo. Na kabla ya hapo, ulizeni kwa nini jina halikuwa kwenye daftari, ili lirekebishwe mapema kabla ya uchaguzi ujao.