Riwaya ya mwanamke anayeishi peke yake: ninunue ipi kati ya hizi mbili?

Kipepeo77: Habari zenu wakuu. Natafuta riwaya ya lugha tamu, isiyo na risasi wala wachawi, inayomhusu mwanamke asiyeolewa na siku zake za kawaida. Nimebaki na mbili: Whereabouts ya Jhumpa Lahiri na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Nalipa kesho.

MzeeWaRafu: Ya kwako au ya nani? Anasoma Kiingereza? Unaomba dawa hujataja ugonjwa.

ChumviKidogo: Lahiri, bila kufikiri. Aliiandika kwa Kiitaliano, ikatoka 2018, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, 2021. Sura 46 fupifupi: barabarani, ofisini, kwenye bwawa la kuogelea. Mwanamke hana jina, mji hauna jina. Anafundisha chuo, anakula mgahawani peke yake, anarudi kwake. Hakuna kinachotokea, na niliisoma mpaka saa nane usiku.

MzeeWaRafu: Kama hakuna kinachotokea hiyo ni shajara. Nyota ya Rehema (1976) ina ardhi, ina urithi, ina jasho la watu.

ChumviKidogo: Na Rehema anaolewa na Sulubu. Mtu kaomba asiyeolewa.

Mpitanjia: Asante kwa kuniharibia, ndiyo kwanza niko katikati.

ShangaziWaTatu: Ngojeni niwape yaliyonikuta. Kazini tulikuwa na dada mmoja, arobaini na kitu, ana nyumba yake na bustani yake, mume hana na wala hamtafuti. Siku yake ya kuzaliwa nikampa riwaya ya mwanamke mpweke, nimeifunga na utepe kabisa. Akasoma nyuma ya jalada palepale, mbele za watu, akaniuliza: "Kumbe ndivyo mnavyonisema nikitoka?" Kila nikijieleza nazidi kuharibu. Keki ikakatwa kimya, utadhani tuko matangani. Miezi miwili salamu ikawa "habari za kazi" basi. Kitabu nilikuja kukiona kimewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Sasa mleta mada, huyo mtu wako kaomba, au wewe ndiye unamwonea huruma?

Kipepeo77: Ni dada yangu mkubwa. Hajaomba.

ChumviKidogo: Mnunulie kitenge.

MalengaMstaafu: Lugha tamu mnaitafuta mbali, na Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi zipo. Au mpe Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858.

ChumviKidogo: Unaomfundisha binti kumtunza mume? Umpe asiyeolewa? Utakatwa kwenye ukoo.

MalengaMstaafu: Aliyeutunga alikuwa mjane, tena mgonjwa. Someni ndipo mcheke.

MzeeWaRafu: Na Nagona ina mwanamke gani wa kupika na kufua?

MalengaMstaafu: Nimesema lugha. Sikusema kupika.

Kipepeo77: Wakuu, turudi. Kiingereza anasoma. Yuko Bukoba, mimi Dar. Macho yanamsumbua, akisoma kurasa tatu anapumzika.

MzeeWaRafu: Hilo si ungelisema asubuhi! Basi sura fupi zitamfaa. Nakubali shingo upande, ila kaangalie kwanza ukubwa wa herufi.

Mpitanjia: Ukituma kwa basi kifunge nailoni mbili. Changu kilifika kinanuka samaki.

ShangaziWaTatu: Samaki gani anatoka Dar kwenda Bukoba, na ziwa liko pale?

Mpitanjia: Papa mkavu, shangazi. Ziwani hayupo.

ShangaziWaTatu: Kweli. Hivi siku hizi Kariakoo papa mzuri anauzwa upande gani?