Faibroblasti za kontroli nazo zina alfa-SMA tele. Kasoro iko wapi?

Bandari_ya_Seli (Kisumu)
Wadau, habari za leo. Nakuza seli za saratani ya umio, na kando yake faibroblasti (seli zinazojenga tishu unganishi) za kawaida za umio, nijue saratani inazipelekea ujumbe gani. Nachukua midia (maji ya lishe ya seli) iliyokaa na seli za saratani saa 48, naichuja, nazimwagia faibroblasti, kisha napima alfa-SMA (protini inayoonyesha faibroblasti imeamka) kwa western blot, inayoonyesha protini kama mistari kwenye membreni. Sasa zile za kontroli, ambazo hazijaonja midia hiyo, nazo zinatoa mstari mnene vilevile. Natumia midia ya DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 10, sahani za plastiki za visima 6, na beta-aktini ya kulinganishia.

Njoro_Darubini
Hiyo kontroli imeshaamka kabla hujaanza. Faibroblasti hupima ugumu wa mahali iliposimama kwa integrini zake (protini za kushikia), na plastiki ni ngumu mno kuliko tishu yoyote laini. Juu ya hayo kuna TGF-β, protini inayoamsha faibroblasti, iliyomo kwenye seramu: nyingi imefungwa, lakini seli ikijikaza inaweza kuifungua.

Tumia pasaji za mwanzo, yaani seli zilizohamishwa sahani mara chache. Panda kama 100,000 kwa kisima, ziache zishike usiku kucha, osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi), kisha zikae kwenye seramu asilimia 0.5 kwa saa 24 zitulie. Hapo ndipo umwage midia ya saratani. Ukiweza, zipande juu ya jeli ya kolajeni, miligramu 1 hadi 2 kwa mililita.

Visima vya lazima: midia tupu iliyokaa inkubeta saa zilezile bila seli, TGF-β1 nanogramu 5 kwa mililita, saa 48 hadi 72, na midia ya saratani pamoja na SB-431542 mikromola 10, inayoziba kipokezi cha TGF-β. Kisima hicho cha mwisho kipe mwenzake chenye midia ya saratani na DMSO (kiyeyushi cha SB) bila SB. Alfa-SMA isiposhuka kwa SB, ujumbe unapitia mlango mwingine, na PDGF, protini nyingine ya ishara, ningeiangalia mapema.

Pipeti_Kakamega
Njoro amesema vizuri, ila midia yenyewe pia ina shida. Kwa saa 48 seli za saratani zimekula glukosi na kumwaga laktiki. Ikiwa imegeuka njano, unachopima ni njaa na asidi. Kusanya baada ya saa 24, bila seramu. Zungusha 300 g dakika 10, halafu 2,000 g dakika 10, chuja kwa mikroni 0.22, gawa kwenye mirija midogo, weka nyuzi -80. Mrija ukishayeyushwa usiurudishe. Wakati wa kutumia, changanya nusu kwa nusu na midia mpya.

Hiyo beta-aktini nayo iache kabisa. Ina kilodaltoni 42, na alfa-SMA ni 42 hizohizo! Membreni isipooshwa vizuri, unasoma mabaki ya kingamwili ya kwanza ukidhani ni ulinganisho. GAPDH, protini nyingine ya kulinganishia, iko 37, jeli isipotenganisha vizuri zinakaribiana. Vinkulini, karibu 117, haina utata.

Halafu pima maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli, kwa PCR. Huchokoza seli zitoe IL-6 (protini ya ishara ya kinga) na ukaisingizia saratani. Na stima ikipotea, CO2 ikatoroka, midia inapanda pH. HEPES, kemikali ya kutuliza pH, milimola 25 inakupa nafasi ya kupumua.

Bandari_ya_Seli
Asanteni sana. Mawili yamebaki: ELISA (kipimo cha kingamwili) ya TGF-β inanipa sifuri, na nataka kujua faibroblasti nazo zinaijibu nini saratani.

Njoro_Darubini
ELISA inasoma TGF-β iliyo huru tu. Chukua sampuli mikrolita 100, tia HCl ya 1 N mikrolita 20, subiri dakika 10, kisha NaOH ya 1.2 N yenye HEPES 0.5 M mikrolita 20, upime papo hapo. Jibu zidisha kwa 1.4. Midia tupu ipite hatua hizohizo, kwa sababu TGF-β1 ya ng'ombe ni sawa na ya binadamu na kipimo hakizitofautishi.

Kuhusu majibu: tumia vikombe vya kutenganisha vyenye vitundu vya mikroni 0.4. Protini na vifuko vidogo vya seli vinapita, seli hazipiti. Vitundu vikiwa vya mikroni 8, seli zitahamia upande wa pili na kuharibu kila kitu. Kwa visima 6, mililita 1.5 juu na 2.6 chini. Tafuta protini za ishara IL-6, HGF na CXCL12, na uangalie kama seli za saratani zina vipokezi MET (cha HGF) na CXCR4 (cha CXCL12).

Pipeti_Kakamega
Vikombe hivyo vinakata mguso na mvutano wa kolajeni, na hayo ni nusu ya mazungumzo. Isitoshe alfa-SMA pekee itakuficha kitu. Kwenye saratani ya kongosho kuna faibroblasti zilizo jirani kabisa na uvimbe, zenye alfa-SMA nyingi, na nyingine za mbali kidogo zinazomwaga IL-6 zikichochewa na IL-1, alfa-SMA yao ikiwa chini. Na panya wa saratani hiyo walipoondolewa faibroblasti zenye alfa-SMA, matokeo ya 2014 yalionyesha ugonjwa ukizidi ukali. Kwa hiyo kwenye blot yako ongeza STAT3 yenye fosfati (dalili ya IL-6) kando ya SMAD2 yenye fosfati (dalili ya TGF-β), na hizo mbili zivune dakika 30 hadi 60 baada ya kumwaga midia. Ukingoja saa 48, huenda ishara imeshazimika.