Gumzo la kikundi: Ukoo wa Falajini

Da Mkubwa, 2:05 usiku: Assalaam alaykum. Nakumbusha tena mchango wa darasa la falaji, huu mfereji wetu wa maji wa jadi hapa Oman. Zinatakiwa rial 120: posho ya mzee arifu, mgawa maji wetu, na basi la kuwapeleka watoto Nizwa wakaone falaji kubwa la huko, Falaj Daris. Zimeingia 35. Tumo 28 humu.

Da Mkubwa, 2:20: Mnasoma, hamjibu.

Binamu Seeb, 2:31: Halwa imo kwenye hesabu? 😂

Mdogo wetu, 2:32: Na kahawa!

Da Mkubwa, 2:36: Nyie, nasema la maana. Juzi nimemuuliza mwanangu maji yanatoka wapi, kanijibu "kwenye tangi". Falaji linapita nyuma ya nyumba, wao wanatupia makopo ya soda. Arifu ndiye peke yake kijijini anayejua bado kugawa zamu ya usiku kwa nyota. Zamu moja, yaani athar, ni nusu saa, na anajua ipi ya nani, ipi wakfu ya msikiti. Kwake hakuna daftari, yote yamo kichwani. Tunangoja nini?

Kaka Sur, 2:50: Mimi 10, mwisho wa mwezi inshallah.

Ami, 3:02: Watoto wana masomo mengi. Mambo ya maji wizara ipo.

Shangazi London, 3:20: Wizara haikuchimba kisima juu ya falaji, kaka.

Ami, 3:21: Yale yalikwisha. Kisima kina kibali.

Shangazi London, 3:22: Yalikwisha kwako. Mitende ya baba, ile mikhalasi, imekauka safu nzima tangu uweke ile pampu kisimani.

Binamu Seeb, 3:23: Polepole, mtamwaga maji 😅

Da Mkubwa, 3:23: Jamani nawaomba!

Mjukuu wa Bibi, 3:48: Niko na Bibi. Kasema niandike hivi hivi:
"Nilikuja kutoka Unguja mwaka 1972, falaji silijui. Siku ya kwanza nikafua kanga pale pa kuchotea maji ya kunywa. Wanawake wakanipigia kelele. Mama mkwe akanishika mkono, akanitembeza kufuata maji: hapa pa kunywa, hapa pa kutawadha, kule chini pa kufulia, yanayobaki ya mitende. Hakunidai hata baisa. Watoto wafunzwe. Na wewe mwanangu, wiki hizo mbili za darasa pampu izimwe."

Ami, 4:35: Hewalla mama.

Shangazi London, 4:40: Nimetuma 25. Mama, shikamoo.

Da Mkubwa, 4:41: Allah akuzidishie. Sasa 60. Ami, shikamoo, hewalla hiyo ni ya mchango au ya pampu?

Da Mkubwa, 5:15: Ami?

Kaka Sur, asubuhi 1:10: Basi linaondoka saa ngapi?

Da Mkubwa, 1:12: Basi sijalilipia, kaka. Nangoja ile 10 yako.