IMC ya binti wa miaka 8: 17,4 ni mwembamba ao mnene?

Muuguzi_Katuba: Jambo wandugu. Binti ametimiza miaka 8 mwezi huu, kilo 28,5, urefu sm 128. IMC (uzito wa kilo ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) inatoka 17,4. Tablo ya ukutani inasema chini ya 18,5 ni mwembamba, lakini kwa macho mtoto ana mwili. Niandike nini kwenye fishi?

Nutri_Kamalondo: Tablo hiyo ni ya watu wazima, iache. IMC ya mtoto hupanda mwaka wa kwanza, hushuka mpaka karibu miaka 5 ao 6, halafu hupanda tena. Namba moja haiwezi kuwatosha wote. Chukua tablo za OMS (Shirika la Afya Duniani) za 2007, miaka 5 hadi 19, za wasichana. Kwa miaka 8 katikati ni 15,7. Mstari wa +1, yaani hatua moja ya takwimu (mchepuko sanifu) juu ya katikati, ni 17,7, wa +2 ni 20,6. Akipita +1 uzito umezidi, akipita +2 ni unene wa kupindukia. Wako yuko chini kidogo tu ya +1. Mvulana mwenye 17,4 hiyohiyo angekuwa ameshaugusa mstari wake.

Balanse_na_Metre: Msikimbilie tablo. Amesuka?

Muuguzi_Katuba: Ndiyo, misuko imefungwa juu ya utosi. Na pulova alikuwa nayo.

Balanse_na_Metre: Basi fungua, kibao kishuke mpaka kwenye fuvu. Viatu nje, visigino, matako na mabega viguse ubao, macho mbele, kidevu kisiinuke. Pima mara mbili. Misuko ikiwa imeongeza sm 3, urefu wa kweli ni 125, na 28,5 ukigawa kwa 1,25 × 1,25 unapata 18,2: tayari amevuka mstari wa +1. Kosa la urefu linauma zaidi kwa sababu urefu unazidishwa kwa wenyewe. Balanse (mizani) nayo ikae kwenye sementi, si kwenye kapeti.

Nutri_Kamalondo: Ukipima na mdogo wake wa chini ya miaka 5, mistari inahama: OMS 2006, uzito kwa urefu, +2 ndiyo uzito uliozidi, +3 unene. Wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala. Akisimamishwa, ongeza sm 0,7. Na mkanda wa kupima unene wa mkono wa juu usikudanganye. Ule unatafuta utapiamlo wa kukonda, rangi yake ya kijani haisemi lolote juu ya unene wa mwili.

Muuguzi_Katuba: Bila misuko 125,4. Bila pulova kilo 28,1. IMC 17,9.

Balanse_na_Metre: Uzito umezidi. Andika pia kwamba misuko ilifunguliwa, atakayempima kesho kutwa asiseme mtoto amefupika.