Naomba ushauri: kupeleka mchele na viungo Mayotte

Habari zenu wakuu, nipo Dar nauza mchele na viungo vya jumla, sasa kuna shemeji yangu anaishi Mamoudzou kule Mayotte (kisiwa cha Ufaransa karibu na Comoro) ananisukuma tuanze kutuma mzigo kwa sababu vitu kule bei ni balaa, vitu vingi vinatoka Ufaransa, wakati Paris iko kama kilomita 8,000 na sisi tupo hapa hapa jirani. Mnakumbuka 2011 waligoma wiki kadhaa kwa ajili ya ugumu wa maisha, mpaka bei ya mabawa ya kuku ikawa ajenda.

Tatizo langu ni hili. Tangu 2014 Mayotte iko ndani ya forodha ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo ukishusha gunia bandari ya Longoni sheria ni zile zile za Ulaya, vipimo vya mabaki ya dawa za wadudu na sumu, lebo ya Kifaransa, yaani jirani lakini karatasi za Ulaya. Nafuu ni kwamba Tanzania ipo kwenye mpango wa Ulaya wa nchi maskini zaidi, ushuru wa forodha sifuri, ila kuna ile kodi yao ya octroi de mer ambayo hata bidhaa za Ufaransa kwenyewe zinalipa, hiyo sikwepi.

Mwenye uzoefu anisaidie, nisajiliwe wapi ili nitoe tamko la asili ya bidhaa (kwamba mzigo umetoka Tanzania)? Na mzigo ukibadilishiwa meli njiani ule msamaha unabaki? Vipimo mnafanyia wapi? Au nianze na karafuu tu kwanza?