Debian 12 haioni waifai kabisa kwenye leptopu ya mtumba, nisaidieni

mama_steshenari
Wadau habari za jioni. Mie niko Tanga hapa Ngamiani, nina kisteshenari changu, kuchapa barua, CV za vijana, fotokopi, mambo hayo. Leptopu yangu ni ya mtumba ilikuwa na Windows 10, sasa tangu Oktoba 2025 walipoacha kuitunza na ile ya 11 ikakataa mashine eti prosesa ya zamani, mdogo wangu akanishawishi tuweke Debian, aina ya Linaksi, mfumo wa bure badala ya Windows, akaniachia flashi ya Debian 12 yeye huyo akapanda basi Kange akarudi chuo. Kuinstoli kumeenda vizuri, sauti ipo, hata printa niliyokuwa naiogopa imekubali. Waifai ndo haipo. Sio kwamba inakataa paswedi, haipo, pale juu kwenye kona hata alama yake sioni. Nimesoma kwenye simu wakasema niweke firmware-b43-installer, naandika inajibu Unable to locate package. Fundi mmoja akaniambia kadi imekufa ninunue nyingine, lakini wiki iliyopita tu ilikuwa inakamata! Na tundu la kebo ya intaneti hii leptopu haina. Nifanyeje jamani kabla sijaing'oa?

kijana_wa_makorora
Rudisha Windows dada, hizi Linaksi ni za watu wasio na wateja wanaosubiri 😂

fundi_raskazone
Huyo muache. Dada, kadi haijafa, usitoe hela yako kwanza. Fungua terminali (kidirisha cha kuandikia amri) uandike hii halafu utuletee mstari wenye neno Network:

lspci -nnk

mama_steshenari
Imetoa mingi, wa waifai nadhani ni huu, nimeunakili kwa mkono:
Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]

fundi_raskazone
Hapo sasa tunaongea. Leptopu inaiona kadi vizuri, kinachokosekana ni draiva, programu ya kuiendesha. Na ile b43 uliyoambiwa hata ungeipata isingekusaidia kitu, ni ya chipu nyingine za Broadcom, hii 43142 haiijui. Ndo maana nawaambia watu kila siku, angalia namba ndani ya mabano kwanza, kukopi amri ya mwenye kadi yake ni sawa na kumeza dawa ya jirani. Yako inataka draiva inayoitwa wl, iko kwenye pakiti ya broadcom-sta-dkms.

Intaneti utaitoa kwenye simu. Chomeka waya wa simu kwenye leptopu, ingia mipangilio pale pale penye hotspoti, kuna swichi nyingine ya USB, iwashe. Leptopu itadhani imechomekwa kebo. Ikigoma badilisha waya, hizi za buku mbili nyingi zinachaji tu data hazipitishi. Bando la GB 1 linatosha ila usikubali ianze kuapdeti kila kitu.

Halafu, kwa vile uliinstoli bila mtandao, Debian haijui ivute wapi vitu, ndo ile Unable to locate. Andika su - uweke paswedi ya ruti, yaani msimamizi mkuu wa mashine (kile kistari usikiache, ukiandika su peke yake baadaye itakwambia haijui modprobe, amri ya kuwasha draiva). Kisha nano /etc/apt/sources.list (inafungua faili lenye orodha ya hizo sehemu za kuvutia), ule mstari unaoanza na deb cdrom uwekee # mbele, chini yake ongeza:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

Hayo maneno non-free na non-free-firmware ni mawili tofauti, draiva yako inakaa kwenye lile la kwanza, wengi wanaliacha wanadhani limejirudia. Sevu, halafu:

apt update
apt install linux-image-amd64 linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Ikimaliza restati. Hiyo headers weka hivyo hivyo yenye amd64 mwisho, ukiweka ya namba ya keneli (kiini cha mfumo) ya leo tu, siku keneli ikibadilika draiva haitajijenga na waifai itapotea tena utatutafuta usiku.

mama_steshenari
Kaka Mungu akuweke, simu imekubali kwa waya wa pili. Vyote vimeingia bila kelele nikarestati, waifai bado hamna 😭 nikaandika modprobe wl ikanijibu
modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service

mzee_sahare
Mwanangu usilie, hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokataa kitu kisicho na sahihi inayoitambua. Draiva imejengwa hapo hapo kwako, kwa hiyo haina sahihi ambayo mashine inaitambua. Kuna wanaozima Secure Boot kwenye baiosi wakamaliza, mimi napenda kuiandikisha sahihi hiyo kwenye mashine tu. Kama ruti:

mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub

Itaomba paswedi, tunga fupi, ya mara moja tu hiyo. Restati, itakuja skrini ya bluu na hapo ukae macho, inakupa sekunde 10 ubonyeze kitufe chochote, ukichelewa inawaka kama kawaida na ombi lako limefutika unaanza upya. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeinuka kumimina kahawa. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka ile paswedi, Reboot.

mama_steshenari
IMEKUBALIIII. Nimekaa kama naotea bao. Naona mpaka waifai ya duka la dawa ng'ambo ya barabara. Ila ya kwangu mwenyewe sasa siioni, simu inaiona hapa hapa mezani?

fundi_raskazone
Jina lake mwisho lina 5G?

mama_steshenari
Eeh

fundi_raskazone
Hiyo ni masafa ya GHz 5, kadi yako ni b/g/n, inasikia 2.4 tu, hata kwenye Windows isingeiona. Ingia kwenye ruta uwashe na ya 2.4.

mama_steshenari
Aaah kumbe, mdogo wangu ndo aliizima ile nyingine akisema ni slo. Nimeiwasha, nawaandikia kutoka kwenye leptopu sasa. Kijana wa Makorora ukiwa na CV ya kuprinti njoo, ila wewe bei ni mara mbili.

kijana_wa_makorora
😂😂 nisamehe dada, nakuja kesho